Karatasi kutoka kwenye mkonge: mwongozo kamili wa kutoa selulosi kwenye singa na kuitandaza kwa mkono

Ukisimama karibu na korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge, utaona vitu viwili vikitoka. Upande mmoja zinatoka singa, yaani nyuzi ndefu za mkonge, zinazokwenda kuanikwa, na upande mwingine yanatoka matope ya kijani yanayochukuliwa na maji. Katika uzito wote wa jani, singa ni takribani asilimia 4 tu. Ndani ya matope yale mmejificha singa fupi nyingi, na chumba cha brashi, mahali singa kavu zinaposafishwa, nacho kila jioni huacha mafungu ya nyuzi zilizokatika na vumbi lake. Kamba haisokotwi kwa mabaki hayo, lakini karatasi inatengenezwa, tena ngumu ajabu.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kikundi kinachotafuta kazi ya mikono, mwalimu wa kemia wa sekondari na mwanafunzi anayetafuta mradi. Hauhitaji maabara. Unahitaji mizani, moto, maji mengi na kinu. Jambo moja ningeomba ulishike tangu sasa, kwa sababu lilinigharimu miezi: uimara wa karatasi unapatikana kwenye kinu kuliko kwenye sufuria. Wengi wetu karatasi ikituchanikia mkononi tunakimbilia kuongeza dawa na saa za kuchemsha, kumbe tumeponda kidogo mno.

Unachokitafuta ndani ya singa

Selulosi ni mnyororo mrefu wa glukosi. Ni sukari ileile inayojenga wanga wa muhogo na mahindi, ila hapa imeunganishwa kwa namna inayoufanya mnyororo unyooke na kulala ubavu kwa ubavu na wenzake, ukishikana nao kwa vifungo vya haidrojeni. Kwa sababu hiyo ugali tunausaga tumboni na shati la pamba hatuliwezi. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyeitenga kwenye mimea na kuieleza mwaka 1838.

Pamba ni selulosi kwa zaidi ya asilimia 90. Mbao za miti mingi zina asilimia 40 hadi 50. Mkonge uko katikati: karibu theluthi mbili za singa kavu ni selulosi, na sehemu iliyobaki ni hemiselulosi (ndugu ya selulosi mwenye minyororo mifupi), lignini, nta kidogo na madini. Lignini ndiyo gundi ya mmea. Msindano, yaani mti wa paini, una lignini zaidi ya robo ya uzito wake, ndiyo maana viwanda vya krafti, zile karatasi ngumu za mifuko na maboksi, huupika ndani ya mitungi yenye mgandamizo, kwenye joto la nyuzi 170 hivi, kwa kostiki soda, ile alkali kali ya kutengenezea sabuni, pamoja na salfaidi ya sodiamu. Njia hiyo iligunduliwa na Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879. Mkonge una lignini chache zaidi, na hapo ndipo penye nafuu yetu, kwa kuwa sufuria ya wazi juu ya kuni inatosha.

Elewa pia kwamba singa moja yenye urefu wa mita si uzi mmoja. Ni fungu la seli nyingi nyembamba, kila moja ina urefu wa milimita 3 hivi, zimegandishwa pamoja. Kupika ni kuzitenganisha seli hizo. Kuponda ni kuifungua ngozi ya kila moja.

Kabla ya kuwasha moto

Sufuria nyingi za madukani kwetu ni za alumini. Usiitumie hata moja. Kostiki huila alumini, na katika kuila hutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia stenlesi au pipa la chuma lililosafishwa vizuri. Vaa glovu ndefu za mpira, miwani ya kufunika macho pande zote na viatu vilivyofungwa. Ndoo ya maji safi ikae karibu. Kostiki ikiruka machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Usitie siki jichoni, hata akikushauri nani. Watoto wasiwepo kabisa. Wale wanaotengeneza sabuni wanalijua hili, wengine wajifunze kwao.

Na kanuni ya kuchanganya ni moja: maji kwanza, kostiki baadaye, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya kostiki, mchanganyiko unachemka ghafla na kurukia uso.

Kupima na kuloweka

Chukua gramu 500 za singa fupi zilizokauka. Zipepete na kuzikung'uta mpaka vumbi na vipande vya ngozi ya jani viishe, kwa sababu ngozi ile haiivi na itakutokea kama madoa ya kahawia kwenye kila karatasi. Zikate kwa panga au mkasi mkubwa ziwe na urefu wa sentimita 2. Usizidishe sentimita 3, la sivyo zitajisokota kwenye kinu kama nywele kwenye shimo la bafu.

Kabla ya kuziloweka, chukua gramu 10 nyingine za singa hizohizo uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka mizani isibadilike tena. Mfano wangu wa mwisho ulishuka kutoka gramu 10 hadi 8.9. Maana yake singa nilizoziita kavu zilikuwa na unyevu wa asilimia 11, na katika gramu 500 nilikuwa na gramu 445 tu za kitu chenyewe. Usiruke hatua hii. Bila namba hiyo hutajua kamwe kama pishi lako lilikuwa zuri au lilikula selulosi yenyewe.

Loweka usiku kucha. Asubuhi maji yatakuwa ya njano yenye povu. Yamwage.

Kupika

Tia lita 9 za maji kwenye sufuria, koroga ndani yake gramu 75 za kostiki soda, yaani asilimia 15 ya uzito wa singa, kisha tumbukiza singa. Funika, chemsha kwa moto wa wastani kwa saa 3, ukigeuza kila nusu saa kwa mti mrefu. Maji yakipungua ongeza ya moto, singa zisibaki nje ya maji.

Kama unaogopa kostiki, na si vibaya kuiogopa, tumia soda eshi, yaani kabonati ya sodiamu, gramu 125 na upike saa 5. Rojo, yaani singa zilizoiva, litakuwa gumu kidogo kuponda, ila selulosi haitaumia sana. Ipo pia njia ya nyumbani. Magadi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya maharage, yale yatokayo Ziwa Magadi kule Kenya au Ziwa Natron, ni kabonati na baikabonati ya sodiamu vikiwa pamoja na maji. Yakaange kwenye kikaango cha chuma mpaka yawe unga mkavu. Kwa magadi safi, kila gramu 100 hubaki kama 70, na hizo 70 ni soda eshi. Ya sokoni yana mchanga na chumvi, kwa hiyo yayeyushe kwanza kwenye maji ya moto na uyachuje kwa kitambaa kabla ya kutia singa.

Utajuaje kama zimeiva? Usiangalie saa peke yake. Toa singa moja kwa kijiti, isuuze, ishike ncha zote mbili na uivute taratibu. Ikikatika kwa kishindo, bado. Ikiachana kama tambi iliyoiva, bila kupinga, na ukiisugua kati ya vidole ikapasuka kwa urefu kuwa nyuzi nyingi ndogo, zima moto. Ikivunjikavunjika kuwa unga, umepitiliza.

Kuosha, na maji meusi

Hakuna sehemu inayochosha kama hii. Mimina rojo kwenye gunia la wavu, lisuuze ndoo baada ya ndoo huku ukilikanda. Mimi huwa napita ndoo nane hadi kumi. Maji yaanze kuwa angavu, ule utelezi wa sabuni kwenye glovu uishe, na karatasi ya pH, ile inayopima asidi na alkali, isome chini ya 8. Alkali iliyobaki ndani itaifanya karatasi iwe ya manjano na kuivuruga gundi utakayotia baadaye.

Maji meusi ya kwanza ndiyo yenye lignini na kostiki iliyobaki. Kiwandani huchemshwa mpaka yawe mazito, kisha huchomwa kwenye tanuri maalumu ili kupata mvuke na kurudisha kemikali. Sisi hatuna tanuri hilo, lakini hatuna ruhusa ya kuyamwaga mtoni. Yachanganye na maji ya kusuuzia, ongeza siki au asidi ya limau kidogo kidogo mpaka pH ishuke karibu na 8, kisha yapeleke kwenye shimo lililo mbali na kisima na mbali na bustani. Samaki wa kijito hawana pa kuhamia.

Kupima ulichopata

Kamua rojo kwa nguvu, lipime lote, kisha toa gramu 20 uzikaushe kama mwanzo. Kwenye pishi lile nililolitaja, rojo bichi lilikuwa gramu 1,480, na zile gramu 20 zikabaki 4. Yaani asilimia 20 ni nyuzi na zinazobaki ni maji, hivyo nilikuwa na gramu 296 za nyuzi kavu. Gawanya kwa 445, unapata asilimia 66 na nusu.

Namba hiyo inasema mengi. Kati ya 60 na 70 uko salama. Ikizidi 75 lignini na hemiselulosi nyingi bado zimo, karatasi itakakamaa na kubadilika rangi upesi. Ikishuka chini ya 55, umeanza kuyeyusha kile ulichokuwa unakitafuta, au nyuzi zako zimetoka na maji kwenye wavu wenye matundu makubwa.

Kung'arisha, ukipenda

Rangi ya malai ya mkonge ni nzuri, mimi huiacha hivyo. Anayetaka weupe zaidi atumie haidrojeni peroksaidi. Kwa rojo lenye gramu 300 za nyuzi kavu, weka kwenye ndoo ya plastiki, tia maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 70, gramu 5 za soda eshi, kisha mililita 400 za peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa duka la dawa. Acha saa 2, suuza. Chombo kisiwe cha chuma, maana chuma huivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi. Dawa ya klorini ya kufulia iache kabisa. Inadhoofisha nyuzi, na ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya sumu.

Kinuni

Mwaka wangu wa kwanza nilitumia blenda. Rojo lilitoka laini kama uji, nikafurahi, nikatandaza karatasi ishirini. Zilipokauka, nikazikunja, zikavunjika kwenye mkunjo. Nilirudia pishi mara tatu nikiongeza kostiki kila mara, na kila mara zikawa mbovu zaidi. Aliyenitoa gizani ni mama mmoja wa Muheza, mtwangaji wa mpunga tangu utotoni. Alitia vidole kwenye rojo langu akasema, "Mwanangu, hivi umevikata tu. Hujavitwanga." Akachukua rojo bichi lisiloguswa na blenda, akaliweka kwenye kinu, akatwanga mpaka kivuli kikahama upande wa pili wa mwembe.

Alikuwa sahihi kuliko nilivyoelewa siku ile. Kisu cha blenda hufupisha seli. Mchi huiponda seli bila kuikata. Ngozi yake ya nje inachanika, na kutoka ndani zinachomoza nyuzi nyembamba sana, kama ncha ya kamba iliyoanza kufumuka. Maji yanaingia, seli inavimba na kulegea. Zikikauka zikiwa zimelaliana, vile vinyuzi vinashikana kwa vifungo vya haidrojeni, vilevile vinavyoishikilia selulosi yenyewe. Hakuna gundi nyingine inayoishika karatasi. Ukiwa na darubini ya shule, au hata lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu, weka tone la rojo la kabla na la baada kwenye kioo. La kabla ni vijiti vyenye kingo safi. La baada kingo zake zina manyoya.

Basi twanga hivi. Weka rojo la ujazo wa viganja viwili, bichi kama unga uliokandwa wa chapati, usilitie maji mengi kwa sababu mchi utarusha badala ya kuponda. Tumia mchi mzito wenye kichwa bapa kidogo. Geuza rojo kila mara. Dakika 40 kwa pishi lililoiva vizuri, saa nzima kwa lile la soda eshi. Pokezaneni, watu wawili au watatu, kwa zamu. Kinu hicho kisirudi jikoni tena.

Kupima: tia chembe ya rojo kwenye chupa ya kioo yenye maji, funga, tikisa, inua kwenye mwanga. Ukiona mafundo yanayoelea au nyuzi ndefu zilizoshikana mbavu, rudi kinuni. Ukiona wingu moja lililotulia, linaloshuka polepole, limekuwa tayari.

Kutandaza

Unahitaji fremu mbili za mbao zenye nafasi ya ndani ya sentimita 21 kwa 29.7, yaani A4. Ya chini bandika wavu wa dirisha uliovutwa ukakaza. Ya juu iwe tupu, na kimo cha sentimita 2 na nusu. Beseni liwe na upana wa kutosha mikono miwili kuzama nazo.

Hesabu yake: A4 kumi na sita ni mita moja ya mraba. Karatasi ya gramu 100 kwa mita ya mraba inahitaji nyuzi kavu gramu 6 na robo. Kwenye lita 20 za maji tia gramu 500 za rojo lililokamuliwa, ambazo zina gramu 100 za nyuzi kavu, na kila lita itabeba gramu 5. Fremu ikiinuka na kina cha sentimita 2 za maji, imebeba lita moja na robo. Ndizo gramu 6 na robo zako. Kila baada ya karatasi mbili rudisha rojo kiasi kilekile kilichotoka, la sivyo karatasi ya kumi itakuwa kivuli cha ile ya kwanza.

Nyuzi za mkonge zina tabia ya kukimbiliana na kufanya mafundo. Dawa yake iko sokoni: bamia. Wajapani hutumia ute wa mzizi wa mmea wanaouita tororo-aoi, na mmea huo ni ndugu wa damu wa bamia. Katakata bamia kumi changa, loweka kwenye lita 2 za maji baridi usiku kucha, chuja kwa kitambaa, mimina ute huo beseni. Usiuchemshe, joto linaukata nguvu. Utaona tofauti papo hapo, maana maji yanakuwa mazito, nyuzi zinaelea kila moja mahali pake, na maji yanashuka kwenye wavu taratibu kiasi cha kukupa nafasi ya kuitikisa fremu.

Koroga kwa mkono, ingiza fremu kwa kusimama kama unayekata maji, ilaze chini, inua ikiwa sawa. Tikisa mara moja mbele na nyuma, mara moja kushoto na kulia, halafu uache. Ukiendelea kutikisa wakati maji yameshaondoka utaichana. Ondoa fremu ya juu. Pindua ile ya wavu juu ya kipande cha blanketi kilicholowa, ukianza na ukingo mmoja kama unavyofunga mlango, kandamiza, inua. Karatasi inabaki. Juu yake weka kipande kingine cha blanketi, uendelee.

Kukamua na kukausha

Rundo la karatasi kumi na blanketi zake liweke kati ya mbao mbili ngumu, ndani ya kiunzi cha mbao au chuma, ulibane kwa jeki ya gari. Panda polepole, acha dakika 20 chini ya mgandamizo. Nguvu hii ndiyo inayozisogeza nyuzi zikaribiane kabla ya kukauka, usiibadilishe na jiwe.

Zibandue zikiwa bado na unyevu, zibandike kwenye kioo cha dirisha au ukuta laini uliopakwa rangi ya mafuta, ukipitisha brashi laini kutoka katikati kwenda pembeni. Kivulini penye upepo. Karatasi iliyoanikwa bila kushikwa hujikunja kama jani.

Kuzuia wino usisambae

Karatasi ikikauka ni kama blotingi, ile karatasi ya kufyonza wino. Pika wanga wa muhogo, gramu 30 kwa lita moja ya maji, mpaka ung'ae, upoe uwe vuguvugu, uchuje. Tumbukiza karatasi iliyokaa siku chache, ikamue kidogo, ikaushe tena kwenye kioo. Wapo watakaokushauri uongeze shabu ili ishike haraka. Usitie. Shabu huacha asidi ndani ya karatasi, na asidi huikata minyororo ya selulosi mwaka hadi mwaka. Mmarekani William Barrow, katikati ya karne ya 20, ndiye aliyewaamsha wahifadhi wa maktaba kuhusu asidi hii iliyokuwa ikivila vitabu kwenye rafu.

Kujaribu ulichotengeneza

Kata ukanda wa milimita 15 kwa upana, ufunge juu kwa kibano, chini ning'iniza chupa tupu kubwa. Mimina maji taratibu mpaka ukanda ukatike, kisha pima chupa pamoja na maji yake. Fanya hivyo kwa kanda tano za pishi moja upate wastani. Tenga rojo la dakika 20 za kinu na lile la dakika 60, utandaze yote mawili kwa unene mmoja, uyajaribu hivihivi, na daftari lako litakuonyesha kazi ya mchi.

Mwisho, andika kwa penseli kwenye kona ya kila karatasi namba ya pishi, dawa uliyotumia na dakika za kinu. Chukua moja kutoka kila pishi, ikate kati. Nusu ibandike dirishani panapoingia jua la asubuhi, nusu ifunike ndani ya kitabu. Baada ya miezi mitatu zilaze pamoja mezani. Ya dirishani ikiwa imegeuka manjano sana kuliko mwenzake, lignini ilibaki, na pishi lijalo ongeza saa moja ya moto.